Nozeli zimekufa na wakala amekataa dhamana: nani anapaswa kulipa?

"Mhandisi, habari za kazi. Miezi 14 iliyopita nilinunua kichwa cha lori kipya kwa wakala wa Dar es Salaam, kwa mkopo wa benki. Dhamana yake ni miezi 24 au kilomita 200,000, na sasa lina kilomita 118,000. Wiki tatu zilizopita dereva alikuwa anatoka Tunduma na mzigo. Alipokaribia Makambako taa ya injini iliwaka, lori likapoteza nguvu, likatoa moshi mweupe na kuanza kunoki. Tulilivuta mpaka Dar. Wakala anasema nozeli mbili kati ya sita zimekufa na pistoni moja imetoboka, chanzo ni mafuta machafu, na kwamba dhamana ilishakufa hata hivyo kwa sababu sevisi ya tatu niliifanya gereji ya Mbeya. Ananidai shilingi milioni 38 na ameanza kunitajia gharama ya maegesho ya kila siku. Fundi wangu anataka nilitoe nilipeleke kwenye gereji za mtaa wa Gerezani, Dar, anasema atalitengeneza kwa nusu ya bei hiyo. Nilipe, nilitoe, au niende mahakamani?"

Pole sana, ndugu yangu. Lori lililosimama wiki tatu huku rejesho la benki halisimami linamnyima mtu usingizi, na ninaelewa kwa nini ushauri wa fundi wako unakuvutia. Hata hivyo naomba ulishike jambo moja kabla ya mengine yote: usilitoe lori hilo leo, na usikubali injini ioshwe wala vipuri vilivyoharibika vitupwe. Mgogoro wako hautaamuliwa na anayepaza sauti wala na anayejua sheria nyingi. Utaamuliwa na kile kinachoonekana kwenye ncha za nozeli (vipuri vinavyopuliza dizeli ndani ya silinda), ndani ya filta ya dizeli na kwenye kumbukumbu za kompyuta ya injini. Siku lori litakapofika Gerezani na nozeli zikapelekwa kufanyiwa ukarabati, utakuwa umepata injini inayowaka lakini umepoteza ushahidi wote, na hakuna mtu atakayeweza kukusaidia tena.

Nayasema haya kwa kuwa nilifanya kazi miaka 11 ndani ya idara ya sevisi ya wakala wa malori, na sehemu ya miaka hiyo kazi yangu ilikuwa kuandika madai ya dhamana kwenda kiwandani. Niliyaona madai mengi ya halali yakifa kwa kukosa ushahidi, na niliona pia wenye malori wakililia dhamana wakati kosa lilikuwa lao waziwazi. Kwa hiyo sitakuambia kwamba wakala anakudhulumu. Inawezekana anakudhulumu, inawezekana yuko sahihi, na inawezekana yuko sahihi nusu. Nitakueleza jinsi ya kulijua hilo.

Nianze na maana ya dhamana yenyewe, kwa kuwa pande zote mbili katika barua yako zinaonekana kuielewa vibaya. Dhamana si ahadi kwamba chochote kitakachoharibika ndani ya miezi 24 kitatengenezwa bure. Ni ahadi ya kiwanda kwamba kipuri kilichotengenezwa vibaya au kufungwa vibaya kitabadilishwa kwa gharama zake. Kilichoharibiwa na mafuta, na uendeshaji, na mzigo kupita kiasi au na ukosefu wa sevisi hakimo. Upande wa pili nao una makosa yake. Maneno "dhamana imekufa kwa sababu ulifanya sevisi nje" hayatoshi yenyewe. Mtake anayekataa dai aonyeshe kwamba kilichofanyika huko nje ndicho kilichosababisha uharibifu huu. Kama gereji ya Mbeya ilibadilisha mafuta ya giaboksi, hilo haliwezi kuua nozeli. Kama ilifunga filta ya dizeli isiyofaa, hapo mazungumzo yanabadilika kabisa. Fungua kijitabu cha dhamana usome kwa maneno yake: vingi vinataka sevisi ifanyike kwa wakati, kwa oili ya daraja lililotajwa na filta zinazokidhi viwango, na kumbukumbu zitunzwe. Vingine vinataka sevisi ifanywe na wakala peke yake, na kama ulitia saini chenye sharti hilo, msimamo wako ni mgumu zaidi, ingawa hata hapo swali la chanzo cha uharibifu linabaki.

Sasa tuingie kwenye nozeli, maana humo ndimo jibu lilimo.

Injini za malori ya siku hizi zinapuliza dizeli kwa shinikizo linalofika baa 2,000 na zaidi. Tairi la lori lako lina baa 8 hivi, kwa hiyo fikiria shinikizo la matairi 250 limekusanywa ndani ya bomba nene kama kidole. Ili nozeli iweze kufungua na kufunga chini ya shinikizo hilo mara nyingi kwa sekunde, sindano yake hutembea ndani ya tundu kwa nafasi ya mikroni chache tu, wakati unywele wa mtu una unene wa mikroni 70 hivi. Hakuna oili inayolainisha hapo. Kinacholainisha ni dizeli yenyewe. Ndiyo maana maji ni adui mkubwa wa nozeli: yakiingia, utando wa dizeli unakatika, chuma kinasuguana na chuma, kutu inaota hata lori likilala usiku mmoja, na matone yanayofika kwenye ncha yenye joto kali hugeuka mvuke kwa ghafla na kumega chuma. Vumbi nalo hufanya kazi ya msasa. Mafuta ya taa yakichanganywa kwenye dizeli huifanya iwe nyepesi na isiyolainisha, na mchezo huo ulikuwa mkubwa kiasi kwamba mwaka 2011 Serikali ya Tanzania ilipandisha ushuru wa mafuta ya taa hadi bei yake ikaribiane na ya dizeli, ili faida ya kuchanganya iondoke.

Nozeli ikishindwa kufunga vizuri, inachuruzisha dizeli badala ya kuipuliza kama ukungu. Dizeli isiyoungua hutoka kama moshi mweupe, na huo ndio dereva wako aliouona. Nyingine huungua mahali pasipotakiwa, moto wake unapiga sehemu moja ya kichwa cha pistoni kama gesi ya kuchomelea, na kwa kuwa aluminiamu huyeyuka kwenye nyuzi 660 au chini yake, pistoni inatoboka. Kwa hiyo kutoboka kwa pistoni ni mtoto wa nozeli. Hili lina uzito mkubwa kwako, kwani dhamana nyingi hufidia pia uharibifu uliozaliwa na kipuri chenye kasoro. Nozeli zikikubaliwa, pistoni na kazi ya kuifungua injini vinapaswa kufuata. Nozeli zikikataliwa, vyote vinaanguka pamoja.

Swali la msingi basi ni hili: mafuta mabaya yanaacha alama gani, na kasoro ya kiwandani inaacha alama gani? Dizeli hupita kwenye tangi moja, filta zilezile, pampu moja ya shinikizo na reli moja (lile bomba nene linalohifadhi dizeli yenye shinikizo) kabla ya kugawanyika kwenda silinda sita. Mafuta yakiwa machafu, uharibifu kwa kawaida hugusa kote. Nozeli nne zilizobaki zitaonyesha kutu au mikwaruzo hata kama zilikuwa bado zinafanya kazi, pampu itakuwa na alama, na filta itatoa ushahidi. Lakini nozeli mbili zikiwa zimekufa na nne zikang'aa kama mpya, na pampu ikawa safi, maelezo ya mafuta machafu yanaanza kuyumba. Sisemi kwamba yanaanguka moja kwa moja, kwa kuwa chembe moja ya uchafu inaweza kuchagua njia yake, ila wakala atakuwa na deni la maelezo zaidi. Iko pia hali ya tatu inayosahaulika mara nyingi: pampu yenyewe inapojila kwa ndani na kutema chembe za chuma kwenda mbele.

Niliwahi kuliona hilo kwa macho yangu. Lori lilikataliwa dhamana kwa maneno yaleyale, "mafuta machafu", na mwenyewe alikuwa ameshakubali kulipa. Nilipoikata filta ya mwisho na kuikunjua kwenye karatasi nyeupe, ilikuwa safi, na kikombe cha kutenganisha maji kilikuwa kikavu. Nikafungua vali iliyo kwenye pampu, yaani baada ya filta, nikapitisha sumaku: ikatoka na manyoya meusi ya chuma. Uchafu uliokuwa baada ya filta haukuweza kutoka kituo cha mafuta. Ulizaliwa ndani ya pampu. Kiwanda kililipa pampu, reli na nozeli zote sita. Wakala yule hakuwa ametudanganya, ila hakuna aliyekuwa ametazama upande wa pili wa filta.

Kwa hiyo kwako naomba uandike barua leo hii kwa meneja wa sevisi, nakala upate muhuri wa kupokelewa. Omba sababu ya kukataliwa kwa maandishi, ikitaja kifungu cha dhamana kinachotumika. Omba nakala ya ripoti ya kompyuta ya injini, maana msimbo wa hitilafu kwa kawaida huandikwa pamoja na kilomita, joto la maji na mzunguko wa injini wakati ule. Omba nozeli zote sita zipimwe kwenye mashine ya kupimia, wewe au mtu wako akiwepo, na omba vipuri vyote vya zamani vihifadhiwe kwenye boksi lenye lebo ya namba ya lori lako. Lugha iwe ya heshima na tarehe ziwepo. Kama wamekuletea kadi ya kazi yenye maneno "mteja amekubali kwamba chanzo ni mafuta", usiitie saini. Kama ulishaitia, andika barua ya kueleza kwamba ulisaini ili lori lifunguliwe tu na hukukubali chanzo.

Mafuta yenyewe pia yachukuliwe sampuli kabla mtu hajaongeza lita hata moja kwenye tangi. Lori lako lilivutwa, kwa hiyo dizeli iliyomo ni ileile iliyokuwa ikichomwa pale Makambako, na hiyo ni bahati. Chukueni chupa tatu safi na kavu, mzijaze kutoka chini ya tangi pande zote mbili mkiwepo, mzifunge kwa lakiri na kuzitia saini. Moja ibaki kwao, moja kwako, moja iende maabara inayotambulika kama ile ya Shirika la Viwango, TBS. Chukueni pia dizeli iliyomo kwenye kikombe cha kutenganisha maji na muimimine kwenye glasi angavu. Iacheni nusu saa bila kuitikisa. Kama kuna maji, yatashuka chini na utaona mstari mnyoofu, juu rangi ya dhahabu, chini meupe, na hakuna mtaalamu anayehitajika kuutafsiri mstari huo. Ukiuona, jiandae kusikia habari usizozipenda.

Kuhusu gereji ya Mbeya: tafuta risiti ya sevisi ile, risiti ya filta na oili, na kama inawezekana maboksi ya filta au picha zake. Filta zilizokuwa zimefungwa siku lori lilipozimika zisitupwe. Fundi aliyefanya kazi hiyo mpigie simu kwa upole, muulize alifunga filta ya aina gani na kama alitoa maji kwenye kikombe. Filta ya bei ya chini inafanana kwa nje na ya halali, ila karatasi yake huruhusu chembe kubwa zaidi kupita, na injini haitambui tofauti hiyo siku ya kwanza. Ikithibitika kwamba filta ile ndiyo iliyopitisha uchafu, nitakuambia bila kuzunguka: wakala ana haki, na dai lako sasa ni dhidi ya gereji.

Naomba pia uelewe kile kinachoendelea nyuma ya kaunta, kwa sababu kitakusaidia kuzungumza. Wakala halipi dhamana kutoka mfukoni mwake. Anatengeneza, kisha anakidai kiwanda, na kiwanda hulipa kwa saa na viwango kilivyovipanga chenyewe. Kiwanda pia hukagua madai, na kikiona dai halikuwa na ushahidi huchukua fedha zake tena kwa wakala. Kijana anayekupokea pale mezani anajua kwamba akiandika dai lenye shaka, hasara itarudi kwenye idara yake, na kukukatalia wewe ni rahisi zaidi kwake kuliko kukibishia kiwanda. Ndiyo maana hupaswi kugombana naye. Omba dai lako lipelekwe kwa mwakilishi wa kiwanda anayesimamia ukanda huu, likiwa na picha, ripoti ya mashine ya nozeli na majibu ya maabara. Mara nyingi kukataa kwa kwanza hutoka kwa wakala peke yake, na kiwanda hakijawahi hata kuliona dai.

Hapo huwa kunatokea njia ya katikati ambayo wengi hawaijui. Kiwanda kinaweza kukubali kuchangia kwa hisani bila kukiri kosa, kwa mfano kikatoa vipuri nawe ukalipa ufundi, hasa kwa mteja ambaye sevisi zake mbili za kwanza zilifanywa kwa wakala. Kwa hali yako, ushahidi ukiwa nusu kwa nusu, mimi ningelikubali pendekezo la namna hiyo. Kila wiki lori linaposimama unapoteza safari, na hesabu hiyo uifanye kwa karatasi na kalamu, usiifanye kwa hasira.

Kama mazungumzo yatachukua muda mrefu na huwezi kusubiri, lipa kwa pingamizi. Maana yake ni kwamba kabla ya kulipa unaandika barua inayosema unalipa ili lori lirudi kazini, hukubali chanzo kilichotajwa, na unabaki na haki ya kudai fedha zako. Vipuri vya zamani uvichukue kwa maandishi. Hii ni bora mara nyingi kuliko kwenda Gerezani, si kwa sababu mafundi wa Gerezani hawajui kazi, wapo wanaojua sana, bali kwa sababu baada ya injini kufunguliwa nje, dhamana ya miezi 10 iliyobaki itakuwa na ubishi kila siku. Gerezani liwe chaguo pale tu utakapokuwa umepata uthibitisho kwamba kosa si la kiwanda. Gharama ya maegesho nayo ipinge kwa maandishi kwa kipindi chote ambacho dai lilikuwa linachunguzwa.

Mahakama ipo, ila usianze nayo. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inamwekea muuzaji wajibu wa kuuza bidhaa yenye ubora unaofaa, na madai ya mkataba nchini yana ukomo wa miaka 6, kwa hiyo huna sababu ya kukimbia wiki hii. Tume ya Ushindani, FCC, iliyoundwa chini ya sheria ya mwaka 2003, inashughulikia ulinzi wa mlaji. Mpelekee wakili mkataba wako wa ununuzi pamoja na kijitabu cha dhamana, kwa kuwa mikataba mingine huandikwa ili kupunguza haki hizo, na lori ulilolinunua kwa biashara linaweza kutazamwa tofauti na gari la nyumbani. Benki nayo iarifu mapema, uombe rejesho lipangwe upya, badala ya kusubiri barua yao.

Zaidi ya haya yote unahitaji jicho la mtu asiye upande wowote, na unalihitaji kabla injini haijaoshwa. Tafuta mhandisi mitambo aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi, ERB, au mkaguzi huru wa magari, mwende naye mpaka kwenye karakana. Ripoti yake itakugharimu fedha, lakini mbele ya milioni 38 ni kidogo, na mwakilishi wa kiwanda huiheshimu kuliko barua kumi za malalamiko.

Amebaki dereva. Kaa naye peke yake, mahali tulivu, na umwambie tangu mwanzo kwamba humtafuti mkosaji. Muulize alijaza wapi mara ya mwisho na ya kabla yake, kama kuna lita zilizoingia kwa madumu njiani, na kutoka taa ilipowaka mpaka aliposimama alitembea umbali gani. Swali la mwisho ni zito, kwa sababu kompyuta imeandika. Kama alitembea kilomita 3 akitafuta mahali salama pa kuegesha, hakuna wa kumlaumu. Kama alitembea 80 akitumaini kufika, kiwanda kinaweza kukubali nozeli na kuikataa pistoni. Ni afadhali ulisikie hilo kutoka kwake leo kuliko kulisoma kwa mara ya kwanza mbele ya mwakilishi wa kiwanda. Na kama dizeli ilitoka kituo halali na risiti ipo, itunze na usiiguse kwa mikono yenye mafuta: maabara ikithibitisha maji, risiti hiyo pamoja na chupa yenye lakiri ndiyo itakayokupeleka EWURA, mamlaka inayodhibiti biashara ya mafuta, kulalamika dhidi ya kituo, na dai lako litakuwa limempata mtu sahihi wa kulijibu.